Kalehe hakuna volkano: tulivyoenda kuangalia parseli ya yaya

Septemba 2023

Jumanne, Goma

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, anataka kuhama Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo. Alishasema hivyo tangu 2021, ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei, kirunga (volkano ya Nyiragongo) ilipopasuka jioni bila ilani yoyote, watu wanaona tu mbingu imekuwa nyekundu, lava ikashuka ikala nyumba yake kule Buhene, nyumba ya mbao lakini tole (mabati) zilikuwa mpya kabisa, ndiyo ikaenda kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Yeye alitoka na watoto na bidoni (dumu) ya mafuta ya mawese, kwa nini mawese ata yeye hajui, na huku kadi ya uchaguzi, karatasi ya parseli (kiwanja), diploma, kadi za chanjo za watoto, vyote vilibaki ndani. Mtu ambaye hajapotewa na karatasi hawezi kuelewa hiyo shida. Parseli yako iko chini ya mawe meusi, jirani anasema mpaka ulipita huku, weye unasema ulipita kule, na hakuna hata mti wa kuonyesha.

Mume wake ni mtu wa Kalehe. Amepata parseli kwao, kando ya barabara, tambarare, udongo mweusi, bei ya chini, na kila tukibishana anarudia neno moja tu, kule hakuna volkano. Nikamwambia shemeji, Kalehe hiyo hiyo ya mafuriko ya mwezi wa tano? Akasema ile ilikuwa Bushushu na Nyamukubi, siyo kwetu. Basi familia ikaamua niende na yaya tukaangalie kwa macho, juu, yaani kwa sababu, mu kartie (mtaa) yetu miye ni mmoja wa wale volontee wanaopita nyumba kwa nyumba kueleza rangi za ilani ya volkano, kijani, njano, chungwa, nyekundu, na wanadhani mtu wa hizo rangi za ilani anajua kila kitu.

Hizo rangi zenyewe niseme kitu. Watu wanazijua, watoto wanaziimba, lakini 2021 hakuna aliyeona rangi ikibadilika kabla lava haijatoka. 1977 ziwa la lava lilijimwaga lote kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege ikaingia ziwani. Ndiyo maana miye siku hizi nikifika mu nyumba naanza na begi ya kukimbia nayo, rangi baadaye. Begi iko wapi, nani anaibeba, nani anabeba mtoto mdogo, na kama papa hayupo ni nani. Mama wengi wanacheka, "Papa haiko ata siku moja!" basi haya, tupange bila papa.

Begi ya yaya tuliifunga leo usiku. Kopi za karatasi mu sashe (mifuko ya plastiki) mbili, moja ndani ya nyingine, halafu redio ndogo na mapile (betri) yake yametolewa nje yasioze, toroshi, vidonge vya kusafisha mayi (maji), chumvi, dawa ya presha ya mama, viatu vya kufunga siyo kandambili kwa sababu mawe ya kirunga yanakata, na franga (pesa) ndogo ndogo, maana siku ya kukimbia motari (dereva wa pikipiki) hana chenji na bei inapanda kila dakika.

Jumatano, Goma mpaka Minova

Taksi-bus imejaa paka (mpaka) mlangoni. Kutoka Goma kwenda Sake unapita Mugunga, na kushoto na kulia ni bashi (maturubai) nyeupe tu, wakimbizi wa vita waliopanga vibanda juu ya mawe ya kirunga, kilomita na kilomita. Hapa kuna hatari ambayo mtu wa kutoka mbali hawezi kuiona, ni mazuku. Kuna mashimo na mabonde madogo yanayotoa gesi kutoka chini ya ardhi, kaboni dayoksaidi, haina rangi, haina harufu ya kukuamsha, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa chini, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtu mzima akisimama anaweza kupita bila kujua, mtoto au mbuzi aliye chini ndiye anaanguka.

Dereva alisimama kubadilisha gurudumu, na mama mmoja anayeuza makala (makaa) akatuonyesha shimo nyuma ya kibanda chake. Nyasi za pembeni zimekauka kwa mstari uliolingana, na chini yake mijusi miwili imekufa na ndege mmoja. Kazungushia kamba na vitambaa vyekundu mwenyewe, hakungoja mtu wa ofisi. Nikamuuliza mtoto akiangukia humo utafanya nini, akajibu haraka, "Nitaingia." Huyo ni mama, huwezi kumlaumu, lakini hivyo ndivyo wanakufa wawili. Tulikaa naye kidogo tukaongea habari ya kamba ndefu, mti mrefu wa kuvutia, kuita watu, na kutokuinama ndani hata kama unaona mkono wa mtoto uko karibu. Yaya akaongeza, kibanda kisogee, mlango uangalie upande wa juu. Mama akasema atakisogeza, mwanaye akitoka shule wasaidiane.

Sake tulipita tu. Yaya alinionyesha shule aliyolala mwaka 2021, siyo usiku wa lava, ni ile Alhamisi ya tarehe 27 Mei, gavana alipotangaza asubuhi kwamba kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame, maana magma (mawe yaliyoyeyuka) iko chini ya mji na inaweza kwenda paka chini ya ziwa. Barabara hii yote ilijaa, magari, chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma), watu wa miguu na magodoro kichwani. Mtoto wake wa pili alipotea mu ule msongamano akapatikana kesho yake kwa watu wa kanisa. Tangu hapo yeye akisikia tetemeko mbili zinafuatana anachukua markeri anaandika namba ya simu ku mkono wa kila mtoto, namba mbili, ya kwake na ya shangazi yetu wa Bukavu, kwa sababu shangazi haishi Goma na simu yake itapatikana wakati mtandao wa Goma umezidiwa. Nimelichukua hilo, nalifundisha kila nyumba sasa.

Minova tulilala. Sambaza (samaki wadogo) za kukaanga, ugali, usingizi. Jioni wavuvi waliposikia kazi yangu wakauliza swali lile lile la siku zote, ziwa italipuka lini. Ziwa Kivu kweli lina gesi mingi huko chini, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za metani, zimebanwa na uzito wa mayi, na wanaoogopa wanakumbuka ziwa Nyos la Kameruni, 1986, watu karibu 1,700 walikufa usiku mmoja. Lakini mimi hiyo siwezi kuiwekea begi. Ni kazi ya wanaopima ziwa na ya serikali mbili za pande zote. Niliwaambia kuliko kungoja ziwa ilipuke wavae jile (jaketi la kuokolea) wakiwa mu pirogi (mtumbwi), mmoja akacheka sana, kumbe jile yake anaiweka nyumbani isichakae.

Alhamisi, Nyamukubi na Bushushu

Kutoka Minova tulichukua motari wawili. Barabara inapanda inashuka, ziwa chini, kisiwa cha Idjwi ng'ambo, Nyabibwe na soko lake la kelele, halafu unazunguka kona moja na mbele yako kijani inakatika. Ni mawe tu, meupe, mengine makubwa kuliko gari tulilopanda jana, yamelala kutoka mlimani paka ziwani, na katikati kamto kadogo ambako mtoto anaosha sahani. Motari wangu akazima injini bila kuambiwa.

Hapa tarehe 4 Mei ilikuwa Alhamisi pia, siku ya soko. Nyamukubi ilijaa watu kutoka milimani na kutoka visiwani, na mvula ikanyesha kule juu kwa nguvu, mito ikashuka na udongo na miti na hayo mawe. Siku mbili kabla, ng'ambo huko Rwanda, mvula za wiki hiyo hiyo zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130. Huku maiti zilizopatikana zilipita 400 na waliopotea walihesabiwa kwa maelfu, na tarehe 8 ikawa siku ya maombolezo ya nchi nzima. Hao maelfu ni hesabu ya nani sijui, maana mu soko nani anaandika majina ya waliokuja kuuza ndizi?

Muzee mmoja alikuwa anavunja mawe hayo hayo kutengeneza kokoto za kuuza. Alikaa akatueleza, na nitaandika alivyosema. "Mutu ya Goma, moto ikikuya, anakimbilia ku ziwa. Siye tukikimbilia ku ziwa tunakufa, mayi inatufuata inatusukuma ndani. Wale benye balipona balikimbia pembeni, balipanda ku kilima, habakufuata barabara." Nikamuuliza mto ulitoa dalili gani. Akasema kila mtoto wa hapa afundishwe hii, kama mvula inanyesha mlimani na mto unapungua ghafla, usiseme imeisha, kuna kitu kimeziba huko juu na kitaachia. Mto ukibadilika rangi ukawa mzito, ukasikia mngurumo ambao siyo radi kwa sababu haunyamazi, acha ile nguo unayofua, acha ile mbuzi.

Yaya alikuwa kimya muda wote, halafu akauliza kitu ambacho mimi nisingeuliza. Kama mnajua, kwa nini mlikuwa chini? Muzee hakukasirika. Alisema juu kuna shamba, chini kuna barabara, na mahali penye barabara ndipo penye franga. Mtu hawezi kuuza muhogo ku kilele. Miti nayo, alisema, imekwisha, kila mtu anapika na makala na Goma inanunua mbao na makala usiku na mchana, sasa mvula ikianguka haikuti kitu cha kuishika. Nyumba ya yaya ya Buhene ilikuwa ya mbao kama zote. Zilitoka wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Bushushu ni hivyo hivyo, sitarudia. Tulifika Kalehe centre jioni, miguu mizito.

Ijumaa, parseli

Mwenye parseli alitupokea vizuri sana, chai, ndizi, habari za shemeji tangu alipokuwa mtoto. Halafu tukaenda. Ni fasi (mahali) nzuri kwa kweli, siwezi kudanganya. Tambarare, mto mdogo mita chache tu, barabara karibu, mihogo imesimama vizuri. Nikaanza kuelewa kwa nini shemeji amelewa nayo.

Jirani alikuwa anachimba choo kipya, shimo limefika kifuani, nikamuomba nishuke. Ukitaka kujua historia ya parseli usiulize anayeuza, ingia mu shimo la choo la jirani. Ukuta wa shimo ulikuwa na mistari. Juu udongo mweusi, ule uliomfurahisha shemeji. Chini yake mawe madogo ya mviringo yamechanganyika na mchanga, unene wa kama mkono. Halafu udongo mweusi tena. Halafu mawe tena, makubwa zaidi, na mzizi umekatika umelala kwa ubavu. Mawe ya mviringo hayaoti shambani, yanaletwa na mayi. Na mu ule mstari wa kwanza wa mawe, kama goti langu kutoka juu, ilitoka kandambili ya plastiki ya bluu, kamba yake bado imefungwa na waya. Hiyo siyo ya enzi za mababu, ni ya mtu ambaye pengine bado anaishi.

Nikampa yaya akaishika. Akamuuliza mwenye parseli, kwa heshima kabisa, "Papa, weye mwenyewe unalala wapi?" Muzee akaonyesha kwa kidevu, huko juu, nyumba ya matofali ku mgongo wa kilima. "Na hapa hujajenga kwa nini?" Akasema yeye ni mtu mzima, hana nguvu ya kujenga tena. Bei ikashuka palepale bila sisi kuomba.

Lakini juu siyo kila mahali ni salama, hili nalo watu wanakosea, wanadhani ukitoka bondeni umemaliza. Tuliomba kutembezwa. Parseli ya kwanza ya juu ilikuwa chini ya mwinuko mkali, miti ya mikaratusi imeinama yote upande mmoja, na nyuma yake ufa mu udongo ambao mguu wa mtoto unaingia, na chemchemi inatoka mahali ambapo, walisema wenyewe, mwaka jana hakukuwa na mayi. Kilima hicho kinatembea. Tulitoka haraka, yaya mbele.

Ya pili iko ku mgongo, siyo ku mfereji wa kati ya vilima. Ni ndogo, mteremko kidogo, majirani wana nyumba za miaka mingi na kuta zao hazina nyufa, niliangalia nyuma ya kila moja mpaka mbwa wakachoka kubweka. Mayi iko mbali, kushuka na kupanda. Bei ni juu kuliko ile ya chini. Nikamuonyesha yaya ambapo mfereji utapita juu ya nyumba ili mayi ya mvula isigonge ukuta, na ambapo mabingobingo yatapandwa kushika udongo. Mama mwenye parseli, mjane, alisikiliza yote akasema mfereji huo mume wake alikuwa nao, ulijaa udongo tangu afe, akatuonyesha alama yake.

Jumamosi, Bukavu

Katana, Kavumu, kila bariye (kizuizi cha barabarani) ina mkono wa mtu anayeomba, tukaingia Bukavu mchana kwa shangazi, Kadutu. Nilifikiri hapa tutapumzika na habari za hatari. Shangazi anakaa upande wa Funu, na Funu yote imekaa juu ya mporomoko mkubwa wa zamani unaoteleza polepole mwaka hadi mwaka, na watu maelfu kwa maelfu wamejenga juu yake. Haukimbiwi huo, unaishi nao. Mlango wa shangazi ulikuwa haufungi tulipoingia, akatoa randa ya seremala chini ya kitanda, akapunguza ubao kama mtu anayemenya kiazi, akaufunga. "Kila mwaka," alisema, bila hata kuacha kuongea habari ya harusi ya binamu yetu.

Yeye anakumbuka zaidi tetemeko la Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wako kanisani. Lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, na huko Rwanda walikufa watu waliokuwa kwenye ibada. Tangu hapo kabati lake la vyombo limefungwa ukutani kwa waya, hakuna kitu kizito juu ya kitanda, na makala inawashwa nje, maana nyumba za Kadutu zimebanana na moto wa moja ni moto wa kumi. Mchanga uko mu ndoo mlangoni. Hakufundishwa na mtu, kusema kweli nilihisi aibu kidogo na karatasi zangu za rangi.

Usiku wakaanza kubishana na yaya. Shangazi anasema hakuna fasi isiyo na hatari, baki Goma ulipozoea. Yaya anasema siyo sawa, kuna hatari inayokupa saa moja na kuna inayokupa dakika tano, na mtu akiwa na uwezo wa kuchagua achague. Mimi niko na yaya. Habari ya "kila mahali ni hatari" inawafanya watu waache hata kuangalia mu shimo la choo.

Jumapili, kwenye boti

Asubuhi, kabla ya boti, yaya alimpigia shemeji, simu ku spika. Parseli ya chini hapana. Shemeji akapiga kelele, bei, barabara, heshima ya ukoo, mama yake mzee atabeba mayi paka kilimani? Yaya akajibu, "Bidoni nitabeba miye." Halafu akamueleza ile kandambili. Upande wa pili kimya, akauliza, "Ya bluu?" Sijui kwa nini aliuliza rangi.

Wamekubaliana hivi: hawalipi yote sasa. Watampa yule mjane avansi (malipo ya kwanza), wachimbe mfereji upya mwezi huu, na parseli iangaliwe mvula zote hizi mpaka Mei, mayi inapita wapi, ufa unatokea au hautokei, ndipo wamalizie. Mjane amekubali kwa sababu mfereji utamfaa hata yeye. Mimi ningependa na mwaka wa pili wa kuangalia, lakini siyo pesa yangu.

Tulikuwa hatujafika Idjwi yule muzee wa parseli ya chini akapiga. Hakukasirika, alikuwa anaaga tu vizuri, akasema tusiwe na wasiwasi, amepata mnunuzi mwingine, mtu wa Goma pia, naye nyumba yake iliungua 2021. Yaya akamuomba namba ya huyo mtu, muzee akasema mtandao unakatika. Shemeji ameahidi kumtafuta huyo mnunuzi kupitia chefu wa kijiji kabla hajalipa.